Ndoo Mbili za Kumgando

Mzee aliyeshika ufunguo wa bomba letu kwa miaka mingi siandiki jina lake hapa. Simwogopi, wala hakunidhulumu kitu. Ni mdogo wake baba mkwe wangu, na kwetu Buha, nchi ya Waha, mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake, wala la mama mkwe, wala la ndugu zao. Mume wangu alishatangulia mbele za Mungu, lakini adabu ile naishika bado. Kwa hiyo nitamwita Baba Prudence, kwa jina la binti yake mkubwa, kama tunavyomwita sote tulioolewa katika ukoo ule. Nasi tu wengi, karibu nusu ya wanawake wa Kumgando.

Kumgando ni kijiji cha vilimani. Ukitoka Kasulu kwenda Kibondo unaacha lami, unapanda, na ukianza kuhema ujue umefika. Bomba tunalo moja, na koki yake ina kufuli. Baba Prudence alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, na ufunguo ulikaa kwenye mfuko wa koti lake. Akiamka mapema, tunapata maji mapema. Kama jana yake alikunywa pombe ya ndizi kwa rafiki zake, ndoo zilibaki zimejipanga mpaka jua linachoma. Kwetu mtu hasimami foleni, ndoo ndiyo inasimama. Unaiweka alfajiri, unakwenda kuwasha moto, na hakuna atakayeisogeza, maana kila ndoo inajulikana. Ya jirani yangu Esperance ina mfuniko wa kijani ambao si wake. Yangu ni ya bluu, nimeizungushia waya mwekundu pale ilipopasuka. Hata watoto wadogo wanajua ipi ni ya nani.

Sasa nimtaje Elieth. Huyu ninaruhusiwa kumtaja, tena namtaja kwa raha. Ni mkwe wangu, mke wa mwanangu Nathaniel. Nathaniel anaendesha lori kati ya Kasulu na Manyovu, na siku nyingi za juma mimi na Elieth na mjukuu wangu Trésor ndio tunaokaa nyumbani. Trésor alipewa jina la Mkongo mmoja aliyefanya kazi na mama yake kambini Nyarugusu, mtu mwema sana.

Kazi ya Elieth ilinisumbua kuieleza. Mkwe wa mtu akiwa muuguzi, unasema muuguzi, mazungumzo yanaisha. Wangu ni mraghbishi. Anazunguka vijijini akiwafundisha watu kuitisha mikutano yao, kuwauliza viongozi maswali, na kuchagua kamati zao kwa haki. Anayelipa ni asasi moja inaitwa Inuka Useme, ina ofisi Dar es Salaam, na fedha zake zinatoka kwa watu wa nje wanaopenda kuona wanyonge wakisikilizwa. Siku moja baada ya ibada Esperance aliniuliza, "Hivi mkwe wako anafanya kazi gani hasa?"

"Anafundisha watu kuuliza."

"Kuuliza kunalipa?"

"Kunalipa, ila mkataba unaisha Juni."

"Basi mwambie amuulize mwajiri wake," akasema, akacheka hadi shali ikamdondoka.

Mkataba ule ndio uliokuwa ukituumiza kichwa. Inuka Useme hutoa jarida kila mwezi, linakuja kwenye simu. Juu kuna habari za vijiji, katikati wanaandika nani ametoa msaada gani, na chini kabisa kuna nafasi za kazi. Mwaka huu chini kulitokea nafasi ya mratibu wa Kibondo na Kasulu, kazi ya kudumu. Baada ya mchujo wakabaki wawili: Elieth, na mwenzake mmoja anayefanya kazi Nyabibuye. Mkurugenzi wao alisema hatawahoji mezani. Kila mmoja asimamie uchaguzi mmoja kijijini, na kazi yenyewe iseme.

Wanawake wa Kumgando walikuwa wameshamwomba Elieth awasaidie kuchagua mwenyekiti wa kamati ya maji. Kisha wakaja kwangu. Wakasema nigombee, kwa sababu mimi huamka mapema kwenda kufagia kanisa, na bomba liko njiani. Nilikataa. Wakarudi. Nikaomba kwa Mungu siku kadhaa, nikaona ninachokataa ni kusengenywa, siyo kazi. Nikakubali. Elieth aliwapigia simu wakubwa zake siku ileile, akasema mgombea mmoja ni mama mkwe wake, kwa hiyo yeye ataeleza utaratibu tu, kura zihesabiwe na mtendaji wa kijiji. Wakaridhika.

Kura ya kwanza ilipigwa Jumapili mchana mbele ya ofisi ya kijiji. Elieth alisimama akaeleza, na nilipenda alivyoeleza. Hakupayuka.

"Kura ni siri," alisema. "Kila mtu apewe kipande cha karatasi, aandike jina la amtakaye, akunje, atumbukize. Asiyejua kuandika aje na mtu anayemwamini."

Mtendaji, kijana mpole wa Singida aliyehamia kwetu juzijuzi, akashika boksi la viatu lililotobolewa juu. Mimi nikakaa kwenye benchi la wagombea nikiwaangalia wanawake. Waliinama kuandika. Kalamu ikasimama. Wakainua macho, wakanitazama, wakainama tena. Mmoja, kisha mwingine, kisha mwingine. Nikasema moyoni, hapa pana jambo.

Elieth alikulia mjini Kasulu, na alikuwa amefikiri kama mtu wa mjini. Alijua wake za vijana wa ukoo hawatamki jina langu, maana kwao mimi ni mama mkwe, na ndiyo sababu akaleta karatasi, kwamba mdomo umekatazwa lakini mkono uko huru. Kumbe mkono nao umeolewa.

Mtendaji akafungua boksi, akaanza kusoma. Akasoma jina la Baba Prudence, akalisoma tena, akalisoma tena. Wanaume wanalitaja bila shida. Kisha akakunjua karatasi nyingine.

"Mama wa Kwaya."

Watu wakatazamana.

"Bibi yake Trésor." Akaiweka pembeni. "Mwenye Kufagia Kanisa. Mjane wa Mwalimu wa Dini. Mama Mkwe." Hapo akaigeuza karatasi kutafuta upande wa pili. "Mama mkwe wa nani?"

Mtu akacheka nyuma. Mtendaji akaendelea, uso umemwiva. "Mama Waya Mwekundu. Huyu naye ni mgombea?"

Baba Prudence akapiga goti lake kwa kofi. "Loo! Kumbe nimegombea na kijiji kizima!"

Esperance akaniinamia. "Mama Nathaniel, wote hao ni wewe."

"Najua."

"Sasa si useme!"

"Niseme nini? Nisimame nitangaze kwamba mimi ndiye bibi, ndiye mfagizi, ndiye mjane, ndiye waya?"

Elieth alimfuata Mtendaji, wakanong'onezana. Nilimsikia Mtendaji akisema, "Dada, mimi naandika kilichoandikwa. Leo nikikisia kura za maji, kesho nitakisia za udiwani." Elieth akarudi kukaa. Baadaye aliniambia, "Na ana haki, Mama. Hilo ndilo linaloniuma. Ana haki." Baba Prudence akarudishiwa ufunguo wake, akaenda zake akipiga mluzi.

Jumamosi iliyofuata Nathaniel alirudi kutoka Manyovu, akafungua jarida kwenye simu tukiwa tunakula. Akasoma kwa sauti kabla hajafikiri: "Kumgando: kura za wanawake zatawanyika, mwenyekiti wa zamani arejea."

Elieth akaacha tonge sahanini.

"Zilitawanyika wapi?" Esperance alikuwa kwetu, kama kawaida yake wakati wa chakula. "Zote zilikwenda kwa mtu mmoja. Tumetoka kwenye habari, na habari yenyewe siyo yetu!"

"Watu wanasoma hiyo huko Dar," Elieth akasema polepole. "Na huko nje. Wanaotoa fedha watasema wanawake wa Kumgando hawajui wanachotaka."

Kesho yake alimpigia mkurugenzi. Nyumbani kwetu mtandao unashika dirishani tu, kwa hiyo simu iliwekwa pale, sauti ikafunguliwa, nami nilikuwa chini ya dirisha nikichambua maharage. Nilisikia yote. Sikujificha.

"Elieth, matokeo yameshatoka," alisema yule mama. Sauti yake ilikuwa ya mtu mzima, haina dharau. "Mwenzako wa Nyabibuye amemaliza vizuri. Wewe pia utaratibu wako ulikuwa safi. Usiuchokonoe."

"Dada, watu hawakupata walichokichagua."

"Anayesema hivyo ni nani? Ni mkwe wa aliyeshindwa. Hebu sikia linavyosikika."

Elieth akaisogelea simu zaidi.

"Linasikika vibaya," akasema. "Lakini ni kweli."

Mkurugenzi akavuta pumzi. "Basi. Mzee mwenyewe akikubali mbele ya watu kwamba kura irudiwe, irudieni, nami nitakuja kuona kwa macho yangu. Ikiharibika tena, au ikionekana umempangia mama mkwe, kazi ya uratibu usiitegemee. Sitaweza kukutetea kwenye bodi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, dada."

Alipokata nilisimama na ungo wangu. "Elieth, najitoa. Wewe una mtoto, na mkataba unaisha. Maji tumeyasubiri miaka yote, tutaendelea kuyasubiri."

Hakukasirika. Alichukua ungo mikononi mwangu akauweka chini. "Mama, kila kijiji nawaambia wanawake wasijitoe. Nikirudi nyumbani nikute wewe umejitoa kwa ajili yangu, kesho nitawaambia nini?"

Nilikwenda kanisani, nikafagia hata pasipo na vumbi.

Kwa Baba Prudence tulikwenda wote wawili. Tulimkuta kwenye migomba yake akipunguza majani. Elieth akapiga magoti, akapiga makofi taratibu kama inavyompasa, akasalimu, "Mwakeye, Baba."

"Mwakeye, mukazana." Ndivyo tunavyomwita mke wa kijana wetu. "Umekuja kuninyang'anya koti?"

"Nimekuja kuomba, Baba. Naomba kura irudiwe."

"Nimeshinda."

"Umeshinda, Baba."

"Mimi sikumshika mtu mkono asiandike."

"Hukumshika mtu. Heshima tunayompa mama, mimi na wenzangu, ndiyo iliyozimeza kura zake. Hatukuweza kuandika jina lake. Na Baba, hata wale wanaokupenda wewe ambao ni wakwe zako hawakuweza kuandika lako. Baadaye Mtendaji alinionyesha karatasi ya 'Mzee Mwenye Kofia' aliyoitupa."

Hapo Baba Prudence akasimamisha panga. "Iliandikwa Mwenye Kofia?"

"Iliandikwa."

"Na ikatupwa?"

"Ikatupwa, Baba."

Akaivua kofia yake akaitazama ndani, kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, mukazana mkubwa, unautaka kweli ufunguo huu?"

Niliangalia chini kama inavyonipasa. "Nataka maji yafunguliwe kabla ya jua, Baba."

Akakata jani moja, akakata la pili.

"Rudieni," akasema. "Sitaki kesho mtu aseme nilishinda kwa sababu wanawake waliona haya. Nitawashinda wakiwa hawana haya. Mwambieni na huyo mama wa Dar aje na gari lake, na redio, aone."

Njiani Elieth alikuwa akitabasamu, mimi nikamwuliza, "Watapiga vipi? Hawawezi kutamka, hawawezi kuandika."

"Mkurugenzi anasema tuchapishe majina mawili, waweke alama. Lakini wasiojua kusoma watauliza lipi ni lipi, na nani atawatajia?" Tabasamu likaondoka. "Sijui, Mama. Sijui bado."

Alijua alfajiri iliyofuata. Tulipeleka ndoo zetu bombani, tukakuta nyingine zimeshajipanga msururu mrefu wa rangi zote, wenyewe hawapo. Elieth aliweka ya kwake mwisho wa mstari, akasimama. Akautazama mstari kutoka huku hadi kule. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuondoka.

"Mama," akaniita. "Kijiji kizima kipo hapa, na hakuna aliyetaja jina la mtu."

Siku ya kura ya pili uwanja wa ofisi ulijaa kuliko siku ya kwanza. Mkurugenzi alikuja, mama mnene aliyefunga kilemba, akakaa nyuma kabisa, akakataa kiti cha mbele. Rodrigue wa redio ya Kibondo naye alikuja na kinasa sauti. Baba Prudence akasimama, akasema kwa kinywa chake kwamba amekubali kura irudiwe, na akaongeza, "Nawahurumia tu." Watu wakacheka.

Ndani ya ofisi Elieth aliweka ndoo mbili juu ya meza: yangu ya bluu yenye waya mwekundu, na ya nyumbani kwa Baba Prudence, ya njano, yenye mshikio wa kamba. Akafunika mdomo wa kila moja kwa kitambaa. Mtendaji akakaa mlangoni na maharage. Kila mtu punje moja, aingie peke yake, aingize ngumi kwenye ndoo zote mbili, aiachie punje kwenye moja. Hakuna kuandika, hakuna kutamka.

Mtu wa kwanza akaingia. Ikasikika, *ko!*

Vichwa vyote nje vikageuka.

"Hiyo ni ya njano!" mzee mmoja akapaza sauti. "Plastiki yake nzito, naijua!"

Uwanja ukalipuka. Baba Prudence akainua mikono kama mtu aliyefunga bao. Mimi nikamtazama mkurugenzi, nikamwona anaandika kitu. Elieth akatoka ndani. Hakubabaika. Akaomba radhi, akasema kura ile imesikika kwa hiyo itarudiwa. Akafungua kitenge alichokuwa amejifunga juu ya gauni, kitenge kizuri alichonunuliwa na Nathaniel Manyovu, akakitia meno pindoni, akakipasua katikati. Akarudi ndani, nusu akailaza chini kabisa ndani ya ndoo ya njano, nusu ndani ya ile ya bluu. Akamrudishia yule mtu punje yake. Kuanzia hapo hakuna aliyesikia kitu.

Niliwaangalia wanawake wakitoka. Safari ile hakuna aliyenitazama wala aliyeinama. Walitoka wakitengeneza kanga zao, wakarudi kukaa.

Maharage yalimwagwa juu ya jamvi mbele ya watu wote, mafungu mawili. Mtendaji akahesabu upande mmoja, na upande mwingine akahesabu Nsengimana, rafiki wa Baba Prudence, aliyeteuliwa naye mwenyewe. Kuku mmoja akaja akadonoa.

"Mfukuzeni huyo, anaiba kura!" Esperance akapiga kelele.

Hata kabla hawajamaliza, mafungu yalionyesha. Lakini Elieth alisema wahesabu tena, wabadilishane mafungu, na wakahesabu tena. Nsengimana akainuka akimtazama Baba Prudence kwa huruma. Mtendaji akampa Elieth ishara atangaze.

Elieth akasimama mbele ya jamvi. Rodrigue akamsogezea kinasa sauti.

"Aliyechaguliwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya maji ya Kumgando," Elieth akasema, "ni mwenye ndoo ya bluu yenye waya mwekundu."

Vigelegele. Mimi sikuinuka.

"Hapo sawa, dada," Rodrigue akasema akitabasamu. "Ila kwenye redio ndoo haionekani. Tupe jina. Tunarekodi."

Vigelegele vikafifia. Elieth akafungua mdomo, akaufunga. Kule nyuma mkurugenzi akaweka kalamu chini. Nilimwona anavyomtazama, na nikajua anavyofikiri, maana mtu asiye wa kwetu angefikiri hivyohivyo: huyu msichana anaficha nini? Kwa nini hataki kumtaja aliyeshinda?

Elieth alinitazama mimi. Na hapa nitasema kweli. Nilitaka kumpa ruhusa. Nilitaka kutikisa kichwa, atamke, amalize, apate kazi yake. Neno moja tu, na Mungu asingemhesabia. Lakini wanawake wote wa ukoo walikuwa pale na watoto wao mgongoni, na nilijua kwamba kama Elieth angetamka kwa sababu ya redio, wao wangejifunza kwamba ukitaka haki inakupasa kwanza uache kuwa mkwe wa watu. Sikutikisa kichwa. Nilikaa kama nilivyokaa.

"Jina lake silitaji," Elieth akasema. Sauti yake ilisikika hadi barabarani. "Nalijua. Ni mama yake mume wangu. Nilisema tangu siku ya kwanza, na kura sikuzigusa. Lakini siwezi kulitamka, na wanawake wengi waliokaa hapa hawawezi. Kura ya kwanza haikutawanyika. Tuliandika mtu mmoja kwa adabu zetu tofauti, nami niliyeletwa kuwafundisha ndiye niliyesahau. Kosa ni langu. Leo hatukuacha adabu, na tumechagua. Kama redio inataka jina, iombe kwa mtu anayeweza kulitaja."

Rodrigue akageuka huku na huku na kinasa sauti chake. Mtendaji akajikohoza, akataka kusema.

Baba Prudence akamtangulia.

Aliinuka polepole, akavua kofia. Akatembea hadi katikati, akamchukua Rodrigue mkono pamoja na kile chombo, akakileta mdomoni kama mtu anayekunywa. "Mimi naweza," akasema. "Mimi ni baba mkwe wake. Nimeshindwa mchana kweupe, na aliyenishinda anaitwa Ernesta Ndayikeza. Andikeni. Ernesta Ndayikeza."

Tangu alipozikwa mume wangu sikuwa nimelisikia jina langu kwa sauti ya mwanaume mbele ya watu. Vigelegele vilipanda, Esperance akaniinua kwa nguvu kwa kwapa, na nilijikuta mbele, nimepiga magoti, Baba Prudence akinipa ufunguo. Ulikuwa na joto la koti lake.

"Amka mapema," akaninong'oneza. "La sivyo nitagombea tena."

"Nitaamka, Baba."

Mkurugenzi alikuja kwetu jioni kabla ya kuondoka, akala ugali wa muhogo na dagaa pamoja nasi. Hakusema lolote la kazi. Alimwuliza Elieth jambo moja tu, kama angeweza kutamka jina lile kwa ajili ya kazi kama wangekuwa wawili tu ofisini. Elieth akanawa mkono kwanza. "Hata tungekuwa wawili, dada." Yule mama akaguna, akaomba kachumbari zaidi. Usiku ule sikujua kama lile lilikuwa jibu zuri au baya.

Jarida likaja mwisho wa mwezi uliofuata. Sasa bomba linafunguliwa nyota zikiwa bado juu, na nilikuwa nimesharudi kutoka kanisani, ufunguo umening'inia shingoni pamoja na msalaba wangu. Elieth alikuwa amekaa mlangoni akimsuka Esperance, simu iko magotini.

"Mama, kaa," akaniambia. "Nisikilize."

Akasoma habari ya juu: jinsi kura ya kwanza ya Kumgando ilivyoandikwa vibaya kwenye toleo lililopita, na jarida linaomba radhi, jinsi wanawake walivyopiga kura kwa maharage na ndoo, jinsi kitenge kilivyopasuliwa. "Aliyechaguliwa ni mjane na mwanakwaya," akasoma, "bibi..."

Kidole chake kikapumzika juu ya kioo cha simu.

"Ernesta Ndayikeza," nikasema mimi.

"...ambaye sasa anafungua bomba kila alfajiri," akaendelea, sauti ikiwa ileile, kama vile hakuna aliyemkatiza.

Alipomaliza akanipa simu. "Chini kabisa," akasema, "pale kwenye kazi. Hapo soma wewe."

Nimesoma darasa la saba, na miwani ninayo. Niliisogeza simu penye mwanga, nikapata mahali, nikasoma kwa sauti ili Esperance asikie, na majirani wasikie, na wapita njia: "Mratibu mpya wa Kibondo na Kasulu ni Elieth, mke wa Nathaniel."

"Wameandika mke wa Nathaniel?" Esperance akageuza kichwa, nywele nusu zimesukwa.

"Hapana," nikasema. "Hilo nimeongeza mimi."